Vitunguu vya Upande wa Pili

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko bungeni? Sisi wazima, ila mguu wa baba unamsumbua kukipiga baridi.

Miche ya vitunguu imeanza kushika. Tangu uape kwenye kampeni kwamba vya nje havitaingia nchini wakati wa mavuno yetu, watu wamelima hadi vichochoroni. Lakini redio inasema chama chenu kinaungana na serikali, na serikali imeiahidi nchi jirani soko letu. Kweli? Nina bonde la chini bado sijapanda. Nipande au niache?

Dada yako

20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie baba ajifunike miguu.

Usisikilize redio, siasa ni kelele. Tukiwa ndani ya serikali ndipo nitawatetea vizuri. Panda bonde lote, dada. Lala usingizi.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tunapumua.

Malori yameingia wiki ileile tuliyong'oa. Vitunguu vya jirani vimejaa sokoni, bei yake haifiki hata gharama ya mbegu zetu. Dalali alipita hapa bila kuzima gari.

"Teremka basi uvione," nikamwambia.

"Nivione vya nini, mama? Nduguyo ndiye aliyefungua geti."

Nikamwita mwongo mbele za watu. Jioni fundi redio akaniwekea hotuba yako aliyoirekodi. Sauti yako kabisa, ukikohoa vilevile: "Wakulima wetu wameshirikishwa na wameridhia."

Nani aliridhia? Tulikaa wapi? Vya bonde la chini vinaoza, harufu imeingia hadi chumbani kwa baba. Nijibu.

Dada yako

2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Poleni sana, naumia pamoja nanyi.

Nielewe. Jirani anatuuzia umeme, na bila soko la mazao yake angeukata. Viongozi wa muungano walikwisha kukubaliana mwezi wa kwanza. Sisi wengine tukaambiwa mwezi uleule, tukapewa kazi ya kutetea tu. Ningekataa, huu unaibu waziri niliopewa angepewa mwingine asiyewajua hata kwa sura.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa nakuja kuzungumza na wananchi. Nitaleta mbegu za alizeti. Tafadhali wapoze watu, wewe wanakusikiliza.

Mdogo wako

9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Mguu wa baba ni uleule.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea baba. Mwezi wa kwanza. Mimi nilikuuliza mwezi wa pili, ukaniambia nipande bonde lote. Malori ningeyasamehe, kwani serikali ina mambo yake. Lakini mimi nilikuuliza kama dada, na wewe ukanijibu kama naibu waziri kabla hata hujawa.

Baba akasema, "Huyu tulimlea sisi?"

Watu sikuwapoza. Walikutana jana ghalani wakaniomba nigombee kiti chako uchaguzi ujao. Nilikataa. Baba akasimama kwa mguu wake mbovu, akawa wa kwanza kuinua mkono kunipendekeza. Nikakubali.

Jumamosi hiyo njoo. Chumba chako kimefagiwa na chakula kitakuwepo, kwani damu ni damu. Ila ukimaliza kula, uwanjani utakwenda peke yako. Sisi tutakuwa tumekaa upande wa pili.

Dada yako