Nimemjibu Baba Mkwe Usoni

Damalie, uko? Nimemjibu baba mkwe. Usoni. Mimi ambaye tangu niolewe hata salamu nampa nikiwa nyuma ya mlango, kwa kuwa mila yao hairuhusu mke wa mtoto kusemezana na baba mkwe.

Mwanangu Elinah alizidiwa jana, tukakimbilia hospitali hapa Tororo. Maambukizi yameingia kwenye damu. Dripu na dawa anapata.

Leo nesi akaniomba ruhusa ya utafiti. Damu kidogo tu, wapime zile protini za kinga tulizosoma darasa la jioni, waone kama siku moja zitaonyesha mapema mtoto anayeelekea pabaya. Akasema nikikataa, matibabu hayabadiliki. Nikashika kalamu.

Baba mkwe, Mzee Ojangole, akasimama mlangoni. "Nesi, mwambie huyo mke wa mwanangu damu ya ukoo wetu si ya kuchezea."

Hatua tatu kutoka kwangu, Damalie. Wadi nzima ikangoja nijifunike leso nitoke. Sikutoka.

Nikamtazama. "Baba, juzi kwenye zahanati ya Malaba walipima malaria wakasema mtoto hana kitu. Jana alikuwa baridi kama samaki. Kama kuna kitu kwenye damu kingetuambia juzi, nataka kijulikane. Mama yake ni mimi."

Nikasaini. Jina linasomeka.

Mzee akamgeukia nesi: "Nesi, mwambie nimesikia."

"Nesi, mwambie niko hapa, aniambie mwenyewe." Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Bado hajaniambia. Ila amevuta stuli, ameketi upande wa pili wa kitanda cha Elinah, na mimi sihami.