Karatasi ya Odile

Mujukuu wangu Christelle,

Huku Panda tuko muzima; mama yako mukubwa amepona malaria, ila nyumba iko kimya tangu muende.

Unauliza nani alinifundisha kuandika kwa siri. Ni Odile, rafiki yangu wa masomo. Mahali pa A tuliandika B, mahali pa B tuliandika C, hivyo mpaka mwisho. Baba yake alipohamishiwa Kolwezi, Odile aliniachia karatasi ya herufi zetu za siri. Nilimukasirikia kwa kuondoka, sikuisoma. Juma lilipopita ndipo nikahesabu herufi moja moja: "Njoo gare Jumamosi, unisindikize."

Jumamosi hiyo ilikuwa imekwisha kupita. Nilienda gare, pale kituo cha treni, hata hivyo, nikakaa mpaka mama akaja kunitafuta.

"Unangojea nani?"

Nilimuonyesha ile karatasi.

Sasa nikikasirikia muntu, nasoma barua yake kwanza.

Kambo yako,
Marie-Josée