Gari Lisiguswe

Rhayader, Wales
14 Mei 2000

Kaka Emrys,

Hujambo huko Australia, na shemeji Cheryl hajambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua tangu mvua ziliporudi. Mama anakula vizuri. Kiingereza kimemtoka kabisa, kimebaki Kiwelshi tu, kwa hiyo tulifanya vema kumpeleka kwenye nyumba ya wazee Caernarfon, ambako wauguzi wanakizungumza, japo ni mbali. Nesta, muuguzi wake, amenionya: uso wangu ndio pekee anaoukumbuka bado. Nisiache Jumapili ipite, maana ukimponyoka hautarudi.

Sasa shida yangu. Basi la kwenda huko hakuna, na gari nililo nalo ni lile letu tu tulilojiundia. Unajua linavyokunywa. Petroli imepanda, na mshahara wa mpishi wa shule si wa kulisha silinda nane. Mzee Prosser, fundi wa Builth, anaweza kulifungia gesi, ambayo ni nusu ya bei. Tangi litakaa kwenye buti, lishikwe na chasisi ya chuma, si bodi yetu ya faiba, na petroli itabaki kama akiba. Ila itabidi akate sakafu ya buti. Siku tuliyolimaliza tuliahidiana kwamba hakuna atakayelikata bila mwenzake, nami si mtu wa kukuzunguka. Nikubalie, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Eirwen


Perth
3 Juni 2000

Mdogo wangu Eirwen,

Huku tu wazima, Cheryl anakusalimu sana. Pole na goti. Mbusu Mama kwa niaba yangu.

Gesi! Wewe msichana umeingiwa na nini? Sakafu ile niliifinyanga kwa mikono yangu, faiba ikaniwasha mpaka Krismasi, leo Prosser aje na msumeno? Prosser huyuhuyu ambaye trekta lake huwashwa kwa kusukumwa? Gesi itakula valvu za injini, na nguvu yote itakwisha. Utakwama mlimani, ubaki na kondoo.

Petroli huokolewa kwa mguu wa dereva. Jaza matairi upepo sawasawa, toa tairi la akiba, rekebisha kabureta, badilisha plagi, na usizidi maili hamsini kwa saa. Utaona tofauti. Nikirudi nataka nilikute lilivyo.

Kaka yako,
Emrys


Rhayader
16 Julai 2000

Kaka Emrys,

Nashukuru kusikia mko wazima. Goti limepoa, asante kwa pole yako.

Nimefanya yote uliyoniambia. Kabureta nimeifungua mwenyewe mezani jikoni. Naendesha polepole mpaka mzee mmoja wa baiskeli alinipita akanipungia mkono. Petroli imepungua kidogo, siyo haba, lakini Caernarfon haijasogea karibu. Sasa naenda Jumapili moja, naruka moja. Juma lililopita nilikaa na Mama mpaka chai ikapoa ndipo akanitaja jina. Nilitoka nikalia kwenye gari.

Prosser amefungua vitabu vyake vyote: valvu za injini yetu ni ngumu, gesi haitazidhuru. Kaka, miaka tisa hujaliwasha gari hili. Mimi ndiye ninayelala chini yake kwenye matope. Nakuomba tena. Nakuomba kwa ajili ya Mama.

Mdogo wako,
Eirwen


Perth
13 Agosti 2000

Eirwen,

Sisi hatujambo. Natumaini nawe hujambo, na hasira zimepungua.

Jibu ni hapana. Nyumba iliuzwa, baba tulimzika, na huko kwetu nimebakiwa na nini kama si hilo gari? Likikatwa nitakuwa sina hata kitu cha kurudia. Nesta anakutisha tu. Mama ana nguvu kutushinda sote, na wewe tangu utotoni unalia kabla hujapigwa. Subiri. Krismasi nakuja, tutaliangalia pamoja.

Kaka yako,
Emrys


Rhayader
8 Oktoba 2000

Kaka,

Sijambo kiafya. Sina salamu nyingi leo.

Bila shaka ulisikia habari za Septemba. Wakulima na madereva wa malori walifunga maghala ya mafuta, vituo vikakauka nchi nzima. Ilinikuta ndiyo kwanza nimeruka Jumapili moja. Jumapili yangu ilipofika, petroli hakuna. Iliyofuata, kidogo kilichopatikana kilikuwa cha magari ya wagonjwa. Kwa Prosser pampu ya gesi ilikuwa imejaa. Muuza maziwa alijaza akaenda zake anapiga mluzi. Nilisimama nikaitazama pampu ile mpaka Prosser akaniletea kiti.

Nilipofika Caernarfon mwezi ulikuwa umeshapita. Mama alinipa mkono kama anavyopewa mgeni. Akaniambia kwa adabu zote, "Karibu, bibie. Wewe ndiye wa kukata kucha?"

Nilimkata kucha, Emrys. Mikono yote miwili, kisha miguu.

Mdogo wako,
Eirwen


Perth
29 Oktoba 2000

Eirwen mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa nje peke yangu. Pole. Pole sana.

Fanya. Mwambie Prosser akate anapotaka. Huenda ukienda mara kwa mara Mama atakujua tena. Krismasi sitaweza kuja, kazini wamekataa kunipa likizo, lakini mwakani nitajitahidi. Nitumie picha ya gari kabla halijakatwa, na usinichukie.

Kaka yako,
Emrys


Rhayader
17 Desemba 2000

Emrys,

Sakafu niliikata mwenyewe kabla barua yako haijafika. Picha sikupiga.

Gari linakwenda vizuri. Valvu nzima, milima linapanda bila kukohoa, na kwa pesa zilezile za Jumapili moja sasa naenda Jumamosi na Jumapili, kila wiki. Mama hunipokea kwa furaha. Ananiita binti wa kucha. Picha yako iko mezani kwake, na kila nikienda hunionyesha upya: "Huyu ni mwanangu wa pekee. Aliunda gari kwa mikono yake." Siku ya kwanza nilimwambia mimi pia ni mwanawe. Aliogopa, akalia, wakaja kumtuliza. Tangu hapo namwambia tu, hongera, Mama.

Jana aliniuliza kama nami nina ndugu. Nikamwambia sina. Alinihurumia sana, akanishika mkono mpaka saa yangu ya kuondoka.

Eirwen