Watu wa Kamari Wamehamia Jina Langu

Lanet, karibu na kambi ya jeshi

Rael mdogo wangu,

Chamgei. Huo mgongo wako umeacha kelele? Mimi niko. Huko nyumbani Keringet si mbali kama Ulaya, lakini goti langu limeifanya Ulaya. Hapa ni vumbi, na maziwa yanatoka kwa pakiti kama dawa ya ng'ombe. Lakini mtoto wa mjukuu wangu Cherono ananenepa, na ndiyo kazi iliyonileta, kwa hivyo silalamiki. Nalalamika kidogo tu.

Nimekataa kukupigia simu kwa sababu wewe huweka spika, jikoni kukajaa masikio ya watu. Hii utaisoma peke yako.

Nimesikia ulisimama mbele ya akina mama wa kanisa ukasema, "Dada yangu amefika mjini akaanza kamari." Rael! Mimi hata karata sijui. Ungeniuliza kwanza, mimi ndiye nilikubeba mgongoni.

Ukweli ni huu. Cherono alikuwa akiandika maneno yangu kwa mtandao, ile kitu wanaita blogu: kugandisha maziwa kwa kibuyu, kukausha mboga, kulea mtoto bila kumharibu. Mlango wake uliitwa Kogo Lea, vile yeye huniita mimi nyanya yake. Mtu akiandika hilo jina kwa simu, anaingia kwetu. Mimi nilifikiri jina ukishapewa ni lako. Kumbe huko jina hukodishwa kama shamba, na kila mwaka unalipia tena. Mwaka huu ukumbusho ulikuja Cherono akiwa wodini anajifungua. Nani angeusoma? Alipopona, mtu asiyejulikana alikuwa ameshalichukua, akaweka kamari ndani. Ndiyo hiyo mliona mkibonyeza ule mlango wa zamani: jina langu juu, na chini wasichana nusu uchi.

Nikamwambia Cherono, "Twende kwa chifu."

"Kogo, huyo mtu labda hata hayuko Kenya."

"Basi majirani waitwe, wale waliona mpaka ukiwekwa."

"Huko hakuna majirani, Kogo."

Shamba gani halina jirani? Nilikaa na hilo neno siku nzima.

Halafu akaniambia anataka kuacha kabisa. Ati watu hawasomi tena blogu. Mtu anauliza mashine swali, mashine inamjibu papo hapo, na yeye hafiki kwa mlango wa mtu. Wenzake walioanza naye wamefunga, wengine wanacheza dansi kwa video. Nikamwambia aiulize hiyo mashine kibuyu kinaoshwaje. Ikasema tusugue na mkaa wa mti wa senetwet, na tusitie sabuni, kwa maana kibuyu si sufuria.

Kibuyu si sufuria! Rael, hayo ni maneno ya mama, siku ile uliosha chake na sabuni ya unga ukaonja kiboko. Mimi nikampa Cherono, Cherono akaandika, na mashine imeyaokota bila kusema imeyatoa kwa nani. Mtu aliyelelewa akirudia neno la mwenzake husema, "Fulani alisema." Hiyo haikulelewa.

"Ndiyo maana hufungi," nikamwambia. "Ukifunga, itabaki inasema peke yake, na haina mama."

Akakubali, lakini jina jipya likawa taabu. Kila alilobuni lina mwenyewe, na wengine hawalimi chochote, wamelikalia tu wangoje kuuza. Nikamwambia aache kubuni. Wewe unajua vile kwetu mtoto hupata jina: wamama huita majina ya waliotangulia, moja moja, mpaka apige chafya. Aliye hai haitwi. Labda kosa lilianzia hapo, kunipachika mlangoni na bado nakohoa.

Basi nikampakata mtoto, nikaita, Cherono akawa anaandika kwa kompyuta. Nyanya upande wa baba: limechukuliwa. Shangazi yule mkali: limechukuliwa. Nikasema, "Taprandich."

Cherono akaliandika mara mbili. "Kogo, hili liko huru."

Jina la mama, Rael. Dunia nzima hakuna mtu alikuwa amelitaka. Nilifurahi, nikaona uchungu, nikafurahi tena. Mtoto hakupiga chafya, alijamba. Cherono akasema inatosha.

Tumelichukua kabla wakora hawajaamka, lakini ndani ni patupu. Nimemkataza aandike hata neno moja. Mama si wangu peke yangu, na mabinti zake tumebaki wawili. Nataka neno lako. Ukikataa, tutaliachilia, na sitakununia. Nitakununia kidogo.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kifua si ya kuonja onja. Jirani anayekamua ng'ombe wangu, namshukuru, lakini ajue nitahesabu ndama. Na mwenyekiti wa akina mama akupe nafasi Jumapili, usimame pale pale uliposimama, useme Lea hachezi kamari.

Tena kitu kimoja. Ukikubali, nimemwambia Cherono aweke na namba yako kwa ule ukumbusho wa kila mwaka, maana yeye ana mtoto na mimi nina goti. Simu yako ikileta jina la mama, usizime, usiseme utafanya kesho. Kuna mwaka utakuja na mimi sitakuwepo wa kukukemea. Ufanye bila kukemewa.

Ni mimi niliyekubeba,
Lea