Mwenye Shamba

Jumapili, 6 Julai 2025

Wiki ya sita ya ndoa! Opendi ameniamsha kwa chai. Yeye, mwanaume, jikoni! Hapa Kiyeyi wakisikia watacheka mpaka Tororo. Sukari ilizidi mno. Nimeinywa yote.

Baada ya ibada tulikwenda kuangalia kiwanja chetu karibu na kijito. Baba mkwe alimpa Opendi mwezi wa nne, na matofali yameshachomwa. Opendi akapima sebule kwa hatua, mimi nikasimama mahali pa dirisha. Nataka mapazia ya kijani. "Wewe taka tu," akasema, "mimi nakwenda leta Malaba." Kazi yake ni kupitisha mizigo ya malori mpakani, hakuna kitambaa kisichopita mbele ya macho yake.

Naandika Kiswahili kwa sababu nilisoma sekondari ng'ambo, upande wa Kenya. Opendi anacho cha foleni ya malori tu; kusoma, mstari wa pili anachoka. Daftari liko salama.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata kazi! Wamekuja wanafunzi wa sheria kutoka Kenya na mwalimu wao, Madam Justine. Wanajifunza jinsi ukoo unavyoamua kesi bila polisi wala hakimu. Kidhopadhola, lugha ya hapa, hawajui hata salamu. Baba yangu ni Msamia wa Sikuda, mama ni wa huku huku, kwa hiyo nitawatafsiria. Opendi ananiita "Mkalimani" tangu mchana na hajachoka.

Anayeandika ni mwanafunzi mmoja, Mangeni. Sheng tupu. "Siste, usiwe na wasi. Wewe ongea, mimi nadunga kwa karatasi."

Jumatano, 9 Julai

Kikao. Turubai, mabenchi ya kanisa, mwenyekiti wa ukoo Mzee Ofwono na wazee sita. Karani wao ana malaria, wakafurahi Mangeni anaandika. Mzee Ofwono alifanya kazi ya reli Nakuru miaka mingi, Kiswahili anakisoma vizuri. Akaomba nakala iliyopigwa chapa iwekwe kwenye faili la ukoo.

Kesi yenyewe sikuijua mpaka nimekaa. Mlalamikaji ni mama mdogo Teopista, mjane wa mdogo wake baba mkwe. Anayelalamikiwa ni baba mkwe. Na ardhi – kiwanja chetu! Matofali yetu, dirisha langu!

Mama mdogo hakulia. Alisema mumewe alipozikwa, haikupita miezi miwili, mimea ya mpaka iling'olewa ikapandwa upya ndani ya upande wake. Hatua ishirini. Na alimtaja aliyefanya, kwa jina, mara tano au sita. Mzee mmoja akamtania kwamba amehesabu kwa miguu mifupi. Akamjibu, "Njoo uhesabu na yako mirefu, zitakuwa kumi na nane, bado ni zangu." Watu wakacheka. Hata baba mkwe aliinama kuficha mdomo.

Mimi nilikuwa nawanong'onezea wageni, na hapo kwenye jina nikakwama. Mimi ni mkamwana. Jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwangu. Hata humu siliandiki. Yeye kule, mimi nimempa ubavu kama inavyopasa, kalamu ya Mangeni inangoja. Nikasema "mwenye shamba". Mama yangu alimwita babu, baba mkwe wake, hivyo miaka yote, hakutaja jina lake hata siku ya mazishi. Likatoka laini. Basi kila jina, "mwenye shamba".

Kikao kimeahirishwa mpaka Jumatatu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemuuliza Opendi kama alijua. Alijua. "Nilitaka wewe furahi kwanza." Nikakasirika kwa muda wa kupepeta mchele. Kisha akanisaidia kuokota mawe na hasira ikaisha. Nifanyeje, nampenda.

Jumamosi, 12 Julai

Mangeni ameleta nakala kutoka Busia. Safi, ina kurasa tatu. Nakala nyingine ameshampelekea Mzee Ofwono. Nikasoma yangu nikiwa nimesimama mlangoni:

"Mlalamikaji anasema kwamba mwenye shamba aling'oa mimea ya mpaka akaipanda upya."

Nikasoma tena. Mwenye shamba! Kama mwenye shamba ndiye aliyeing'oa, kosa liko wapi? Na anayesema hivyo kwenye karatasi ni mama mdogo mwenyewe – kwa mdomo wangu. Jumatatu itasomwa kwa Kiswahili naye ataweka dole gumba. Kusoma hajui, Kiswahili hasikii. Hakuna atakayejua kwamba neno ni langu, ila mimi.

Nikamwonyesha Opendi, nikamsomea, nikamweleza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe hukusema uongo," akasema.

"Sikusema kweli pia."

"Basi nyamaza tu. Jumatatu wageni wanakwenda kwao. Nyumba inabaki."

Hakusema kwa ukali. Alishika mkono wangu wakati anasema. Hilo ndilo baya.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nilimwendea Madam Justine. Akasema ni kitu kidogo, atafuta neno kwenye kompyuta, aweke jina. Nikapumua! Tukaenda pamoja kwa Mzee Ofwono kuchukua nakala yake.

Akakataa kuitoa. Neno lililotolewa chini ya turubai, alisema, linarudishwa chini ya turubai, na aliyelitoa, walewale wakisikia. Madam Justine akasema kortini kwao shahidi anapewa Biblia na lazima ataje jina, liwe la nani. Mzee akamuuliza, "Na akitoka hapo, analala nyumba ya nani?" Madam akafungua daftari lake. Aliandika.

Nikamuuliza mimi: na kama jina ni la mkwe? Akanitazama. Kuna kuku wa kutoa, akasema, mweupe bila doa, apewe yule aliyetajwa. Akila, mdomo umesafishwa. Akikataa kula – hakumaliza.

Kuku mweupe ninaye mmoja tu. Mama alinipa siku ya harusi.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi. Watu wanadhani ni maandishi ya ukalimani. Kuku yuko chini ya miguu yangu, amefungwa.

Leo chai nilipika mimi. Opendi hakuenda Malaba, ingawa simu inamlilia tangu alfajiri. Tulipofika hapa akamwona kuku kwenye kikapu. Akainama, akafungua kamba, akaifunga upya ikiwa imelegea kidogo, isimkate. Kisha akaenda kukaa karibu na baba yake.

Mzee Ofwono anasoma sasa. Mama mdogo Teopista ameshapakwa wino kwenye dole gumba, ameliinua juu lisichafue gauni. Ananitabasamia. Anadhani namtazama yeye.

Nimeona jina la baba mkwe niliandike hapa kwanza, nijue kama mkono utakubali.

Owor.

Umekubali.

Mzee amefika kwenye neno lenyewe. Amevua miwani. Anauliza, huyu mwenye shamba ni nani? Mama mdogo anageuka huku na huku, haelewi. Baba mkwe anatazama chini. Opendi ananitazama mimi.

Nasimama –