Nyangumi wa Kitambaa cha Kaptula

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeshona kaptula sita za shule, vifungo bado. Binti yangu Ndanu amerudi na mradi wa shule. Darasani walichota vikaratasi, kila mtoto viumbe viwili vya kulinganisha. Mwenzake kapata mbuzi na kondoo. Ndanu wangu kapata nyangumi wa nundu na uyoga fulani unaokulia chini ya udongo, mviringo kama kiazi. Hapa Kathiani! Bahari nimeiona kwenye kalenda tu.

Mama Ndanu kapiga simu kutoka kiwandani anakofanya kazi, Syokimau. Mradi huu ukiharibika kama ule wa mwisho, muhula ukiisha anamchukua mtoto akasomee huko. Yule hasemi ovyo. Nimeogopa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nyangumi ni mnyama, ananyonyesha. Haya. Uyoga si mnyama wala si mmea. Sasa ni nini? Nikadhani nimeshika: wote wawili hujificha. Halafu nikasoma kwamba nyangumi huruka nje ya maji. Nimerudi sifuri.

Ndanu alitaka kusoma pia. Nimemwambia aniachie, atanichanganya zaidi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemshona nyangumi! Kitambaa kijivu cha kaptula, ndani nimejaza vipande. Nundu imekaa vizuri ajabu. Uyoga nimeushona kwa khaki. Wazazi wote hapa hufanya hivi, watoto hubeba tu.

Kwenye sehemu ya kufanana nimeandika mavi. Kweli. Kinyesi cha nyangumi hulisha vijimea vya baharini. Uyoga nao huchimbuliwa na wanyama, wakaula, mbegu zake (kama ni mbegu) zikatoka na kinyesi. Yote ni mbolea. Nadhani.

Ijumaa, 12 Septemba

Aibu. Nilimshonea nyangumi mashavu ya kupumulia, kama ya samaki, wale ngege wa bwawa la Masinga. Mwalimu kamuuliza Ndanu nyangumi anapumulia wapi. Kaonyesha pale pale kwenye mashavu. Darasa zima likacheka. Na lile tundu la kichwani nililisoma mwenyewe!

Amerudi bila kulia. Afadhali angelia.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Ndanu amekuja. Nikajitetea, nikasema nimefanya kila kitu. Ndanu akadakia: "Ndio hiyo, baba. Umefanya kila kitu. Mimi nilijua tundu iko kwa kichwa. Nilionyesha yako ndio nisikuaibishe. Wacha niende kwa mami."

Hata mama yake hakulitarajia hilo. Mimi sielewi. Nilikuwa nampigania, ama nilikuwa najipigania?

Jumapili, 2 Novemba

Muhula umeisha, na Ndanu aliondoka jana kwenda kwa mama yake. Kanisani nimekaa nyuma. Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, umebaki nusu sufuria.

Jioni amepiga simu. Kaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Kisha nikatafuta cha kumuuliza, nisikipate. Akangoja mpaka salio lake likaisha.