Mchanga Ndani ya Bomba

Mtani wangu Mihayo,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo ukifukiwa. Ni mimi Kondo, Mzaramo wako. Bado nasukuma mkokoteni Kariakoo, ila sasa peke yangu, na majora ya vitambaa tuliyokuwa tukiyapeleka wawili nayapeleka kwa safari mbili. Wiki ya kwanza wenye maduka walisema, "Masikini Mihayo." Wiki ya pili wakasema, "Kondo, mbona unachelewa?" Basi, ndivyo ulivyoliliwa Kariakoo.

Jumapili ndiyo mbaya. Jumapili ilikuwa siku yetu ya vyuma chakavu. Maduka yamefungwa, mkokoteni mtupu, tunapita uani kwa watu Magomeni na Ilala kuulizia sufuria zilizotoboka, pasi mbovu na vitanda vilivyokatika miguu. Wewe mbele na ile sumaku yako ya spika, umeifunga kamba, unaiburuta chini kama mtu anayetembeza mbuzi. Iliponasa msumari mmoja tu, ulisimamisha msafara mzima ukainama. Nikakwambia, "Nyie Wanyamwezi mmezaliwa na mzigo kichwani, hata msumari mnaubeba!" Nawe bila kugeuka, "Na nyie Wazaramo mkiitwa kazini mnauliza ngoma inapigwa wapi." Utani huo tuliurithi kwa babu zetu. Mtani humwambia mtani lolote, na anayeambiwa hana ruhusa ya kununa.

Sasa nisikilize, maana hapa sitanii. Mchanga kwenye lile bomba niliutia mimi.

Ilikuwa Jumamosi, wewe umeshakwenda nyumbani. Bomba la chuma, urefu wa mkono, limevikwa mpira. Nilitia mchanga uliolowa, nikaushindilia kwa kijiti, nikaziponda ncha zote mbili kwa nyundo mpaka zikafunga. Unajua kwa nini. Wengi hufanya hivyo ili mzani ulale. Wewe hukutaka hata kusikia. "Kondo, chuma kiuzwe chuma. Mchanga una watu wake, wana malori." Ulinisema hivyo mbele ya mnunuzi siku ile uliponikamata na sufuria niliyoigandisha udongo, nikaona aibu mpaka nikakuchukia. Ndiyo, nilikuchukia. Bomba lile nililijaza kwa hasira zaidi kuliko kwa njaa.

Kesho yake tulikuwa nyuma ya gereji, Ilala, tunachoma nyaya ili tupate shaba. Ukaliona bomba, ukasema mnunuzi atalalamikia mpira, ukalitupa motoni.

Nilikuona, Mihayo. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi, natafuna muhogo wa kuchoma. Ningesema tu, "Litoe." Lakini ungeuliza kwa nini, na ungenisema tena. Nikajiambia mpira utaungua, mchanga utakauka, tutauza, wala hutajua. Kwamba lingepasuka sikujua, haki ya Mungu. Nilichojua ni kwamba wewe hukujua ulichokitia motoni. Nikaendelea kutafuna.

Ukachuchumaa kuchochea moto. Likapasuka. Kipande kikakuingia chini ya shingo.

Niliwahi kukimbilia kitu kimoja kabla yako, nacho ni bomba. Wewe uko chini unatapatapa, mimi nalisukuma kwa mguu liingie chini ya mkokoteni, kandambili inaungua. Ndipo nikakushika. Ulinitazama. Sijui kama uliona. Ulikata roho bajaji haijafika, na watu waliokimbilia pale wakasema, "Bomu hilo, la zamani, kwenye vyuma huwa yamo." Nikasema ndiyo, ni bomu.

Siku ya maziko walinitafuta. Mtani anahitajika amwigize marehemu, awachekeshe wafiwa, si ndiyo? Nikavaa kofia yako, nikaining'iniza sumaku yako shingoni, nikatembea kwa kuchechemea kama wewe, nikaokota msumari wa uongo. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Nikaruka kaburini, nikalala chali, nikasema haingii mtu humu mpaka mnipe changu cha utani. Na nikiwa nimelala pale, nimeuona udongo pande zote, neno likanitoka lenyewe. Nikapiga kelele: "Huyu nimemuua mimi! Nilimtilia mchanga kwenye bomba, akalichoma!"

Mihayo, walicheka mpaka wakashikana mabega. Mchungaji aliinamisha kichwa kuficha meno. Mkeo, Mama Shija, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameinua uso, alicheka huku machozi yanamtoka. Wakanirushia sarafu na noti humo kaburini. Nami niliziokota, moja moja, nikapanda juu, ukashushwa.

Nilidhani nimeshasema, nimemaliza. Sijamaliza. Siku ya kuanua tanga Mama Shija aliniita pembeni akanikabidhi sumaku yako iwe yangu, akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyemuua. Asubuhi ile mgongo ulikuwa unamuuma, akataka kulala. Nikamwambia mwanaume gani analala mpaka saa tatu. Nilimtoa kitandani kwa mikono yangu." Nikamwambia hapana, Mama Shija, ni mimi. Akatabasamu, akanipiga kofi la begani. "Na wewe Kondo, utani hauishi?" Akanipakulia ugali, nami nikala.

Tangu hapo amekonda. Kitanda chenu amekiuza, analala chini kwenye mkeka. Anasema hastahili kulalia alipokutoa. Kila ninapofungua mdomo anaanza kucheka kabla sijafika popote, na mimi, mwoga mkubwa, nashukuru kwamba amecheka. Mimi ninakula kwake, yeye anabeba mzigo wangu. Ungekuwepo ungesema hatimaye Mzaramo kampata Mnyamwezi wa kumbebea.

Bomba sikuliuza. Liko chini ya kitanda changu, limepasuka ubavu, mchanga umegandia kwenye ncha moja kama ukoko.

Jumapili hii nitakwenda kwake. Sitavaa kofia yako. Nitakwenda na kaka yangu mkubwa, awepo mtu mzima wa kwetu asiyejua kuchekesha, na bomba nimelifunga kwenye kanga. Mama Shija akicheka, nitamshika kidole nikiingize ndani aupapase mchanga, na nitangoja mpaka kicheko kiishe. Akinitemea mate, nitajifuta. Akiniitia watu, nitakaa pale pale wanikute. Lakini usiku huo alale akijua kwamba yeye alimwamsha tu mumewe kwenda kazini, basi.

Kwaheri, Mihayo. Hii nakuahidi, na safari hii sitadai changu.

Kondo